Shahidi wa Udhu

Wageni wa posa walikuwa wameshamaliza sambusa na wameingia kwenye kahawa, Bi Mwatum wa chini alipopanda ngazi na ndoo mkononi. Hakubisha hodi. Mtu ambaye dari lake linavuja juu ya godoro la sufi hana hodi.

"Bahiya!" alipiga ukelele tangu mlangoni. "Mwambie mumeo atoke huko chooni! Tangu adhana ya alasiri yumo tu, na mimi maji yananichuruzikia kitandani. Juu huku mna mtu anatawadha au mmefungulia bahari?"

Ukumbini wageni wakatazamana. Mzee Shamsi, ami yake kijana mwenye kuposa, aliweka kikombe chini polepole. Alikuwa ameambiwa kwamba Bwana Salem, baba wa binti, anatawadha na anakuja sasa hivi. Ile sasa hivi ilikuwa imeshapita sahani mbili za sambusa.

Na kama kwamba fedheha ile haikutosha, sauti ikatoka chooni, nyembamba, ya mtu anayeomba: "Bahiya! Umeniona nikiosha mkono wa kulia?"

"Nimekuona, wallahi!" akajibu Bahiya.

Maskini ya Mungu, mdomo ulimtangulia. Alikuwa amesimama katikati ya ukumbi na sinia la vikombe, mgongo ameupa mlango wa choo, na wazee wanne wenye kofia za kushona kwa mkono wanamtazama. Hakumwona mumewe akiosha mkono wa kulia wala wa kushoto. Ameapa kwa jina la Mungu, mbele ya wakwe watarajiwa, kwa jambo ambalo kila mmoja pale alijua hakulishuhudia. Akaliinamia sinia, akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha pangwa. Bi Mwatum, aliyepanda na hasira za nyumba nzima, alipowaona wageni zikamwishia. Akashuka na ndoo yake bila kuaga.

Mzee Shamsi aliinuka. "Tutaleta habari," alisema, akakunja shuka yake begani. Hakuna maneno mabaya kuliko hayo katika posa.

*

Waswasi si jambo geni Unguja, msijifanye hamuujui. Nani hajarudi kutazama kama kafunga mlango? Nani hajasimama katikati ya sala akajiuliza ni rakaa ya ngapi? Lakini wa Salem ulikuwa umeshiba. Akitawadha anaona hakutawadha. Akitia nia anaona nia haikukaa. Anaanza tena, na akianza tena anaona kule kuanza ndiko kumeharibu. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji, nyufa nyekundu kila kiungo, naye kazi yake ni kushona kanzu nyeupe. Wiki ile ile ya posa, mteja mmoja alimrudishia kanzu mbele za watu kwa sababu ya tone la damu kwenye darizi ya shingo. "Nitasali vipi na damu, Bwana Salem?" alimuuliza. Salem aliikunja kanzu akaiweka. Alikwenda kunawa.

Nduguye mdogo, Mundhir, alimfuata kibandani kwake Mchangani siku ya pili baada ya posa. Mundhir anakaa Chukwani, nyumba yake ina bustani na gari inalala ndani ya ua. Ni mtu mwema, ila wema wake hupenda kuja na viatu vilivyong'arishwa.

"Mzee Shamsi alikuja kwangu," alisema, bado amesimama. "Reem mwanao wanamtaka. Qais, kijana mwenyewe, ndiyo kabisa, haoni hasikii. Neno lao ni la walii, mwenye kumwozesha."

Mguu wa Salem ukasita juu ya cherehani. "Walii ana nini?"

"Anasema sharti ya walii awe na akili timamu. Mwenye wazimu uwalii unamtoka, unakwenda kwa nduguye."

"Wazimu?"

"Neno lake, si langu, kaka."

"Nawe ukamjibu nini?"

Mundhir akatazama viatu vyake. "Nikamwambia nitakuuliza."

"Utaniuliza mimi kama nna wazimu!" Salem alicheka kicheko kisichokuwa na raha ndani yake. "Ndugu yangu, tumbo moja. Hukuweza kusema 'kaka yangu si mwendawazimu'?"

"Salem, mara ya mwisho tuliposali pamoja ulikuwa ukitia nia mpaka imamu akatoa salamu. Watu walikupita wakatoka. Niseme nini?" Mundhir sauti ilimvunjika kidogo, alikuwa na uchungu kweli. "Mwakilishe shekhe basi, aozeshe kwa niaba yako. Baba wangapi wanawakilisha? Hakuna atakayejua."

"Nikimwakilisha kwa hiari yangu ni jambo moja. Nikinyang'anywa mwanangu kwa sababu nimeitwa mwehu ni jambo jingine. Na kuwakilisha nako si ni kutamka? Nikishatamka, atanitoa nani kwenye lile tamko?"

Lilikuwa swali la kweli. Mundhir aliondoka na kanzu yake ya kupunguzwa urefu ambayo alisema ataileta siku nyingine.

Nyumbani, Reem alipopata habari, aliweka chini madaftari ya watoto aliyokuwa akiyasahihisha, maana ni mwalimu wa chekechea. "Ami Mundhir nampenda," alisema. "Lakini mimi si yatima wala si mtoto wa kichaa. Baba yangu yuhai. Aniozeshe kwa ulimi wake, au wasije."

"Usiseme hivyo, mwanangu," Bahiya alimwambia. "Vijana kama Qais hawaokotwi barazani."

"Najua, mama." Na akalia, kwa sababu alikuwa akimpenda huyo Qais na neno lile alikuwa ameshalisema.

*

Bi Mwatum alipanda tena, safari hii na sahani ya visheti badala ya ndoo, na nyuma yake binti mwembamba mwenye miwani. Uso wa Bi Mwatum ulikuwa chini. Ugomvi ni wake, lakini kumvunjia mtu posa hakukusudia.

"Bahiya mwenzangu, nisamehe. Nilijua mna wageni? Sikujua. Huyu Nasima, mtoto wa dada yangu wa Makunduchi, anakaa kwangu. Ni muuguzi. Wa... wa maradhi haya ya..." Akazungusha kidole karibu na kichwa chake mwenyewe.

Bahiya akavuta pumzi. Mwaka ule, sijui kama ni elfu mbili na nne au tano, bado mtu akionekana tu kwenye lango la hospitali ile ya wendawazimu, basi jina lake limekwisha. Hata binti zake wataulizwa. "Mume wangu si mgonjwa wa huko," alisema.

"Sikuja kumchukua, Bi Bahiya," Nasima alisema haraka. "Mimi nimekuja kuuliza tu. Ile sauti inayoapa kila ikiadhiniwa, ni yako?"

"Ni yangu. Kwani chini inasikika?"

"Inasikika. Nikiwa nasoma huwa naisikiliza." Alisema bila kejeli, kama mtu anayeuliza mdudu huyu anaitwaje. "Ukishamwapia, hutoka?"

"Hutoka."

"Akatulia?"

"Kitambo. Kisha hurudi kuuliza."

"Na zamani, mlipoanza, ulikuwa ukiapa vile vile?"

"A-a. Zamani nilikuwa namwambia 'nimekuona' tu, inatosha. Kiapo kilikuja baadaye. Siku hizi mara nyingine..." Bahiya akanyamaza. Alikuwa anajisikia mwenyewe anayoyasema. "Siku hizi mara nyingine nashika msahafu."

Bi Mwatum akala kisheti alichokileta.

"Kumbe mimi ndiye ninayemtia maradhi?" Bahiya aliuliza, na machozi yakamjaa. "Miaka yote hii nasimama mlango wa choo kama askari, nguo nazifua usiku kwa kukosa nafasi, kumbe namuua?"

"Hasha, sivyo! Unampa dawa ya kutuliza, ila ni ile ambayo kesho lazima uzidishe."

Pazia la chumba cha ndani likafunguliwa. Salem alikuwa akisikiliza muda wote. Alisimama mikono nyuma, kama kawaida yake siku hizo, ili isionekane.

"Shikamoo, Mzee Salem," Nasima alisema akainuka.

"Marahaba. Shekhe kanambia niufukuze waswasi, nisome Kul audhu, nijipulizie. Nasoma mpaka koo linakauka. Wewe umekuja na lipi?"

"Kusoma usiache, Mzee, kusoma ni ibada. Lakini ukimaliza kusoma hutazami?"

"Kutazama nini?"

"Kama waswasi umeondoka."

Salem akainamisha uso. Kila mara alikuwa akitazama.

Nasima akaketi tena, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe: kijana vile, mbele ya mtu wa makamo ya baba yake, na elimu yenyewe kaipata kwenye mafunzo ya siku chache, kwa walimu wageni waliokuja wakaondoka. "Mzee, ukila samaki, paka akaja akakulilia, unafanyaje?"

"Nini tena? Namfukuza."

"Anakwenda?"

"Paka wa mji huu? Anarudi."

"Ukimtupia mwiba?"

"Aa, ukimtupia mwiba ndo umekwisha. Hapo anakaa, na kesho analeta na jamaa zake." Bi Mwatum akacheka, na hata Salem mdomo ulimcheza.

"Na chakula chako?"

"Kinapoa. Sasa nifanyeje, nimuue?"

"Mwache alie. Wewe kula. Kiapo cha Bi Bahiya ndio mwiba."

Salem alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, hilo ndilo lililomponza. "Paka ni paka. Huu unanambia sina udhu. Nikisali bila udhu?"

"Nani anasema huna?"

"Moyo wangu."

"Basi sema hivyo hivyo. 'Moyo wangu unanambia sina udhu.' Kisha nenda kasali."

"Pana tofauti gani?"

"Mimi mwenyewe mara ya kwanza sikuiona," Nasima alikiri. "Ukiijaribu utanambia. Wanasema mtu haambiwi azuie lile linalomjia moyoni, hilo hana uwezo nalo. Anaambiwa alikubali kama lipo, kisha ashike lile analolitaka maishani mwake, aliendee. Hebu nikuulize. Waswasi ukikuacha leo, kesho utafanya nini?"

Chini barabarani mtu alikuwa akinadi mkate wa ufuta. Salem aliitoa mikono nyuma ya mgongo akaitazama, na wote wakaiona ilivyo.

"Nitamwozesha mwanangu," alisema. "Kwa ulimi wangu. Na nitakaa na Mundhir barazani tunywe kahawa, mikono yangu nje."

"Basi hayo yafanye. Na wenyewe waswasi uje."

"Uje? Niende na maradhi yangu msikitini?"

"Si ndivyo unavyokwenda sasa, Mzee? Ila mnafika mmechelewa."

Bi Mwatum akapaliwa na kisheti. Salem alimtazama yule binti kwa hasira, kisha kwa kitu kingine, udadisi labda, kama fundi anapoletewa mshono asioujua akaugeuza geuza aone umefungiwa wapi.

*

Wakapatana: kopo moja la maji, na Bahiya haapi tena. Akiulizwa ajibu, "Sijui, mume wangu." Basi.

Nyie, kusema ni rahisi. Siku ya kwanza Salem aliingia na kopo moja na akatoka baada ya kufungua bomba mpaka ndoo ya Bi Mwatum ikajaa tena. Siku ya pili vivyo hivyo. Nasima alipanda akakuna kichwa, akasema pengine walianza na kubwa mno, pengine yeye hakueleza vizuri. Reem alipita akamtazama kwa jicho la "ndiwe tuliyekutegemea?" Na siku zinakwenda. Mundhir alikuwa amewaomba akina Shamsi wasubiri mpaka mwezi wa mfungo mosi uishe, na Shamsi aliitikia kwa kukohoa.

Kisha ikaja Jumatano ile ya wali. Bahiya alikuwa jikoni, Salem chooni, adhuhuri.

"Bahiya! Nimefuta kichwa?"

Bahiya akafumba macho. "Sijui, mume wangu."

"Umeniona ulipopita. Umepita hapa."

"Sijui."

"Bahiya, nakuomba! Niapie mara hii tu. Mara hii tu, wallahi sikuulizi tena!"

Moyo wa Bahiya ulikuwa ukimpasuka, nawaambia kweli. Mtu uliyelala naye umri mzima anakulilia neno moja, nalo liko mdomoni, halina uzito hata wa punje. Akauma pembe ya kanga. "Sijui."

Salem akatoka chooni, maji yanamdondoka viwikoni, macho yamemtoka. "Unanitesa kwa makusudi! Niapie! Usiponiapia, basi wewe..."

Akakatika. Kila mke wa Kiislamu anajua sentensi ile inaishia wapi. Bahiya alishika ukingo wa meza. Salem alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akarudi nyuma mpaka ukutani, akateleza akaketi sakafuni.

"Nimetamka?" alinong'ona. "Nimekuacha? Bahiya, nimekuacha?"

Ule ndio ulikuwa mwisho wa shimo. Udhu ukibatilika unatawadha tena; lakini hili? Akaruka, akavaa kanzu ya kwanza aliyoiona, akashuka ngazi mbio kwenda kwa shekhe kumuuliza kama mkewe bado ni mkewe. Bi Mwatum alimwona akipita bila kofia, akajua pana jambo, akamwita Nasima, lakini Nasima alikuwa kazini.

Alifika mpaka mlango wa msikiti. Shekhe alikuwa ndani, anaonekana, anasoma. Salem akavua kiatu kimoja. Alijua jibu atakalopewa, maana hata mtoto wa chuoni analijua: neno lisilotamkwa si talaka. Na alijua pia, ndilo lililomsimamisha pale mguu mmoja chini mmoja juu, kwamba akishapewa jibu lile atataka kuuliza, "Je, nikiwa nililitamka kwa siri?" Na akijibiwa hilo atauliza jingine. Aliyaona maswali yote yamejipanga nje kama watu wa foleni ya sukari, na hakuna hata moja lililokuwa la mwisho. Hofu ilikuwa ile ile, haikupungua hata kidogo. Ila kwa mara ya kwanza aliitazama kwa mshangao: kumbe hii haishibi.

Akavaa kiatu, akarudi.

Bahiya alikuwa amekaa pale pale. Nyumba nzima inanuka kuungua.

"Bahiya," Salem alisema akiwa mlangoni. "Moyo wangu unanambia nimekuacha."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi..." Alifuta uso. "Mimi nna njaa."

Bahiya alicheka na kulia vyote pamoja. Akapakua wali, ukoko wote mweusi. Salem aliketi mkekani akala, na kila tonge moyo ukimwambia unakula na mwanamke asiye mkeo. Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Hakuuliza. Kisha akaenda kusali adhuhuri, akachelewa, lakini alisali mara moja tu.

Sitaki kuwadanganya kwamba tokea siku ile mambo yalinyooka. Dari la Bi Mwatum lilikauka, likavuja, likakauka. Kuna siku Salem alitoka na kopo moja uso mweupe kama aliyetoka kuzika. Kuna siku alishindwa. Nasima alikuwa akipanda jioni akiuliza, "Leo waswasi umekujaje?" na Salem akimjibu, "Umekuja na gari, shangingi," nao wakicheka. Nyufa za vidole zilianza kuziba pembeni. Mundhir alipokuja kwa ile kanzu yake, alimkuta kakaye barazani anakunywa kahawa na watu, mikono nje. Alisimama kitambo akatazama, halafu akakaa pembeni yake, akaagiza kikombe. Kesho yake alikwenda kwa Mzee Shamsi mwenyewe.

"Walii ni kaka yangu," alimwambia. "Hana wazimu. Ana maradhi, kama mimi nilivyo na sukari."

Shamsi alikohoa. "Sawa. Lakini akibabaika pale mbele za watu, wewe uwe karibu. Tutakuweka wewe uozeshe pale pale, mimi sitaki ndoa ya mashaka."

Salem aliletewa maneno hayo kama yalivyo. Mundhir hakutaka kuyaficha.

*

Ijumaa, baada ya alasiri, msikiti ulijaa. Salem alikuja na udhu wa kopo moja na moyo ukimsimulia kila aina ya najisi duniani. Shekhe alimaliza khutba, akamgeukia.

"Bwana Salem, utamwakilisha mtu, au utaozesha mwenyewe?"

"Mwenyewe," Salem alisema. Mundhir aliketi nyuma yake kidogo, magoti yanagusa mgongo wake. Mzee Shamsi alijongea mbele.

Wakapeana mikono, Salem na Qais. Mkono wa kijana ulikuwa umeloa jasho tele. Salem akavuta pumzi akasema: "Qais, nimekuoza mwanangu Reem kwa mahari mliyokubaliana."

Akasema mara moja, wazi, mpaka waliokaa nje walisikia. Na Qais hakujibu. Kijana alikodoa macho, koo linapanda na kushuka, midomo imefunguka, neno halipo. Shekhe akainua mkono. "Jibu lazima lifuatane na tamko. Usihofu, mwanangu, hutokea. Bwana Salem, rudia."

Rudia! Kati ya maneno yote ya Kiswahili. Mundhir alifumba macho. Mzee Shamsi alikuwa hamtazami Qais, anamtazama Salem. Na ndani ya kifua cha Salem paka wote wa Mji Mkongwe wakaanza kulia kwa pamoja: la kwanza lilikuwaje? Limesihi, au limetimia nusu? Likigongana na la pili? Ulitia nia? Rudia, lakini rudia vizuri, na ukirudia mara hii hutaacha. Jasho lilimshuka mpaka kwenye nyufa za vidole, likamchoma.

Mundhir aliweka mkono begani mwake. "Kaka, niseme mimi?" alinong'ona.

Salem alitikisa kichwa. "Qais, nimekuoza mwanangu Reem kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa kwa mahari hayo!" Qais alisema kwa sauti ya mtu aliyechomwa sindano, na watu wakacheka kwa furaha.

"Hukulitaja jina lake," moyo ukamwambia Salem pale pale. "Umesema jina jingine." Mdomo wake ukafunguka. Shekhe aliuona. Shamsi aliuona.

"Naam, Bwana Salem? Una neno?"

Msikiti mzima ukamgeukia. Alikuwa bado ameushika mkono wa mkwewe. Jibu lilimchukua muda, na muda ule Mundhir baadaye aliapa kwamba ulikuwa mrefu kuliko mfungo.

"Sina," Salem alisema. "Tuombe dua."

*

Habari hupanda ngazi za mji ule kabla ya watu. Wanaume walipokaribia nyumba kwa kasida, bwana harusi anakuja kumpa mkono mkewe, juu kule wanawake walikuwa wameshajua kila kitu, na zaidi. Bahiya alimvizia Salem juu ya ngazi, akamvuta kando ya mtungi. Amepambwa, ananukia udi, na macho yamemtoka.

"Mmerudia! Wananambia mmerudia! Kwa nini mmerudia, Salem?"

"Kijana alishikwa na kigugumizi."

"Una hakika ni yeye? Si wewe? Jina umelitaja sawasawa? Watu wote hawa wamekuja, mwanangu yumo chumbani anamngoja mwanamume. Ndoa imesihi, Salem? Niapie!"

Salem alimtazama. Alikuwa hajapata kuuona uso ule kutokea upande huu: nyusi zimepanda, mkono umemshika kanzu, mtu mzima anaomba kama mtoto. Huruma ikamjaa. Hivi ndivyo mwanamke huyu alivyokuwa akimwona yeye, kila adhana, miaka yote, na kila adhana akimpa alichotaka kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona vile. Neno lilikuwa tayari ulimini. Shekhe amethibitisha, mashahidi wamesikia. Kuapa kungekuwa halali kabisa.

"Siapi, mke wangu," alisema.

"Salem!"

"Hata mimi moyo wangu haujatulia. Tangu msikitini unanigombeza." Aliushika mkono wake kwa vidole vyake vilivyopasuka, akaushusha taratibu kutoka kwenye kanzu. "Lakini nimemwozesha mwanangu. Qais yuko kwenye ngazi na watu wake wamesimama. Mfungulie."

Kasida ilikuwa imefika mlangoni na vigelegele vimeanza. Bahiya alijifuta macho kwa pembe ya mtandio, akafungua mlango na moyo unamdunda.